Tecla Anunua Ng'ombe Bila Kumgusa

Mtu wa Kaplong aliyetaka kununua ng'ombe alipitia kwanza kwa Tecla Chepngetich. Tecla hakuwa daktari wa mifugo, wala hakuwa broka. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane mwenye shamba dogo la chai na kiganja kilichojua ng'ombe kuliko macho ya watu wengi. Alikuwa akikipitisha mgongoni mwa ng'ombe, akishuka nacho ubavuni, akivuta ngozi kidogo na kuiachia aone kama inarudi upesi au inachelewa. Alikuwa akikamua tone moja kutoka kila chuchu na kulitazama juani. Kisha alisema, "Nunua," au alisema, "Twende nyumbani." Siku ya soko kule Siongiroi mabroka walimwona akija, wakawahamishia ng'ombe wao wengine upande wa pili wa uwanja.

Mwezi wa pili mwaka huo ng'ombe wake mwenyewe, Chelel, alikufa akizaa, na ndama akafa naye. Wiki tatu baadaye Tecla akateleza kwenye shamba la chai akiwa na kikapu mgongoni, akavunjika mguu chini ya goti. Hospitalini walimfunga plasta wakamwambia asikanyage mteremko kwa miezi mitatu. Nyumba yake iko kwenye mteremko. Choo kiko kwenye mteremko. Njia ya kwenda barabarani ni mteremko mtupu.

Hivyo akawa kitu ambacho hakuwahi kuwa tangu aolewe: mwanamke asiye na ng'ombe. Wageni waliokuja kumpa pole walikunywa turungi, chai nyeusi bila tone la maziwa, katika nyumba ambayo zamani mgeni alibembelezwa amalize kikombe cha tatu. Walikunywa wakiisifu. Kusifu kwao kulimuuma kuliko mguu.

Pesa ya ng'ombe mmoja alikuwa nayo, bonasi ya chai aliyoitunza. Ya ng'ombe wa pili hakuwa nayo. Akikosea, hakuna kurudia. Na angemtuma nani sokoni? Shemeji yake Phanice alikuwa mkamuaji hodari, lakini broka akimwita "dada mrembo" mara mbili, Phanice ameshalipa.

Aliyemletea wazo alikuwa Janeffer, rafiki yake tangu darasa la nne, muuza nguo za mitumba. Zamani Janeffer alizitandika nguo zake kwenye turubai kando ya barabara. Sasa kibanda chake kilikuwa kimefungwa nusu ya wiki, na bado aliuza kuliko zamani, kwa simu.

"Nunua ng'ombe hapa," alisema, akaweka simu juu ya plasta ya Tecla kama meza.

"Ndani ya simu?"

"Ndani ya simu. Kuna kikundi cha wafugaji. Watu elfu tatu. Wanauza kutoka Bomet mpaka Nakuru."

"Janeffer, mimi si mtu wa kununua picha."

"Na mimi si mtu wa kuuza picha. Jana nimeuza koti kwa mtu wa Eldoret. Amewahi kuniona? Hajawahi. Amewahi kushika hilo koti? Hajawahi. Lakini leo amelivaa."

Tecla alikuwa mtu wa kutaka kujua, na kukaa kitini wiki nne kulikuwa kumemzidishia hamu hiyo. Akauliza inakuwaje. Janeffer akaeleza kama mtu anayetaja mapishi. Nguo unaitundika nje asubuhi, mwanga ukiwa mpole. Unaipiga picha mbele na nyuma. Unaweka futi ya fundi kwenye kiuno ili mnunuzi ahesabu mwenyewe. Bei unaiandika waziwazi, kwa sababu ukimwambia mtu akuulize bei kisirisiri anajua umeshamtazama usoni kabla ya kuitaja. Na doa, kama liko, unalipiga picha yake peke yake, karibu.

"Doa unalionyesha?" Tecla akashtuka. "Unamwonyesha mnunuzi doa?"

"La kwanza kabisa."

"Basi utamuuzia nini tena?"

"Mtu wa sokoni analitafuta doa mwenyewe. Hiyo ni kazi yake, na kuficha ni kazi yako. Huku hawezi kutafuta. Nisipomwonyesha mimi, atalikuta nyumbani kwake, halafu ataandikia watu elfu tatu. Chorwenyu, rafiki yangu, heri doa kuliko hao watu elfu tatu."

Tecla alilitafuna neno hilo siku nzima. Maisha yake yote soko lilikuwa mchezo wa mficha na mtafuta, naye alikuwa bingwa wa kutafuta. Hakuwahi kufikiri kwamba kunaweza kuwa na soko ambako muuzaji hujifichua mwenyewe.

Janeffer akamwingiza kwenye kikundi. Picha yake waliweka kengele ya kanisa, kwa sababu Tecla alikataa kupigwa picha akiwa na magongo. Kwa siku kumi hakuuliza lolote. Alitazama tu.

Akagundua kwamba uongo wa sokoni ulikuwa umehamia kwenye simu na ndoo zake zote. Kuna ng'ombe aliyepigwa picha na mtu aliyechuchumaa chini, ili kiwele kionekane kama gunia. Kuna aliyenyimwa kukamuliwa tangu jana. Ungeona jinsi alivyotanua miguu kwa maumivu. Mmoja aliandikwa yuko Bomet, lakini alikuwa amesimama chini ya mgunga kwenye vumbi jeupe, na Tecla hajawahi kuona Bomet yenye vumbi jeupe. Lakini aliona pia kitu ambacho soko halikuwahi kumpa: nafasi ya kutazama ng'ombe yuleyule mara ishirini bila broka kumpigia kelele sikioni.

Siku ya kumi na moja akaanza kuuliza, na maswali yake yakawa gumzo. Nitumie video akitembea, ipigwe kutoka nyuma. Nionyeshe kinyesi cha leo. Nirekodie akicheua, dakika moja, usiongee.

"Mzee, unanunua ng'ombe ama unamposa?" mmoja akaandika.

"Huyu mzee wa kengele atauliza kama ng'ombe amebatizwa," akaandika mwingine.

Janeffer alicheka mpaka akashika mbavu. "Wanakuita mzee!"

"Waache. Mzee anajibiwa haraka."

Kisha akatokea mtu aliyejiita Robert, akasema yuko Sotik, na ng'ombe mzuri kupita kiasi. Mwenye rangi ya kahawia iliyoiva, mgongo umenyooka kama meza, bei ya chini. Kulikuwa na watu sita waliomtaka, Robert alisema, na atakayetuma dipoziti kabla ya saa sita ndiye atakayeshikiwa. Janeffer mwenyewe aliona ni sawa. Tecla akatazama picha zile. Mkono ukamwasha, kama unavyomwasha mtu aliyezoea kushika kitu. Hakuwa na la kushika. Akafikiri: mimi nikitaka kujua ng'ombe ni wa nani sokoni, nafanya nini?

Akaandika: "Robert, ng'ombe wako anaitwa nani?"

"Princess," Robert akajibu.

"Vizuri. Simama nyuma yake, mbali kidogo. Mwite. Nitumie video."

Robert akasema simu yake haina chaji. Kisha ng'ombe yuko malishoni. Kisha mzee aache usumbufu, kuna wanunuzi wa maana. Tecla akaandika tena neno moja: "Mwite." Wengine kikundini wakadakia. Mwite! Mwite Princess! Kufikia saa sita Robert alikuwa ameondoka na jina lake na picha zake, na mtu mmoja akasema picha zile ameziona kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo.

Hapo Tecla akawa mtu kikundini. Picha mtu anaweza kuiba, lakini hawezi kuiba ng'ombe kugeuza kichwa. Kila aliyeleta ng'ombe alidaiwa amwite kwanza, na video zikajaa wanaume wakiita majina ya mapenzi mbele ya watu elfu tatu huku wameona haya. Phanice aliacha kupepeta mahindi ili azitazame.

Lakini ng'ombe wa Tecla alikuwa hajaonekana. Akaonekana Jumatatu, kutoka Londiani.

Muuzaji aliitwa Wamuyu. Picha zilikuwa nne, zimepigwa asubuhi, misonobari nyuma, matope chini. Ng'ombe wa Ayrshire, mzao wa pili, mwekundu na mabaka meupe. Hakuwa mzuri kupita kiasi. Alikuwa mzuri kadiri ya kawaida. Chini yake Wamuyu aliandika: "Chuchu ya nyuma kushoto ni nyembamba, inachelewa kutoa maziwa. Mkamuaji mwenye haraka asinunue." Na picha ya nne ilikuwa chuchu hiyo, karibu.

Tecla akampa Janeffer simu.

"Ameonyesha doa," alisema.

"Kabla hujamuuliza!"

Alituma maswali yake yote, na yote yakajibiwa. Kinyesi cha leo. Kutembea, kutoka nyuma. Kucheua, dakika moja, na Wamuyu hakuongea. Likabaki moja. Tecla akaandika: "Anaitwa nani? Mwite."

Jibu lilikuja baada ya muda. "Hana jina. Ni namba kumi na nne."

Kikundi kikalipuka. Aha, Robert wa pili! Mwizi wa Londiani! Mzee wa kengele, umeona? Tangu utotoni Tecla hakuwahi kuona ng'ombe asiye na jina. Hata ng'ombe wa mtu mchoyo ana jina. Ng'ombe asiyeitwa, kwa Tecla, alikuwa ng'ombe wa mtu mwingine.

Mtu wa Nakuru, Muturi, akaandika hapohapo kwamba yeye hana haja ya majina. Atafika Londiani kesho na lori.

"Mpigie," Janeffer alisema.

"Sheria ni sheria."

"Sheria ya nani? Umeiweka wewe wiki jana. Sasa umejifunga nayo kamba mwenyewe, umebaki kulia mbee. Mpigie, Tecla!"

Tecla akapiga. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke wa rika lake, iliyochoka kutukanwa.

"Ni wewe mzee wa kengele?"

"Ni mimi. Ni mama."

"Haiya!" Wamuyu akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Na vile nilikuwa nakuogopa!"

"Mama, niambie ukweli. Unakaaje na ng'ombe muda wote huo na humwiti?"

Nyuma ya Wamuyu ng'ombe alisikika akinywa maji.

"Ya kwanza niliita," alisema. "Nilikuja hapa nikiwa nimeolewa juzi, nikanunua moja, nikaipatia jina. Ikanizalia mara sita. Halafu mtoto akaitwa shule ya upili, na karo hakuna. Niliiuza. Ilipopandishwa kwa gari nikaiita kwa jina, sijui kwa nini, na ikageuka ikaniangalia. Nililia wiki mbili kama mtu amefiwa. Tangu hiyo siku, namba. Kumi na nne ni ya kumi na nne. Nikipatia jina, nitaiuza na roho gani?"

Tecla aliwaza jinsi alivyowaita Chelel na mama yake Chelel na bibi yake, na kwamba hakuwahi kumuuza hata mmoja akiwa hai na maziwa. Hakuwahi kulazimika.

"Basi yeye anakujuaje?" aliuliza mwishowe, na halikuwa tena swali la kumtega. Alitaka kujua.

"Sijui," Wamuyu akasema. "Sijawahi kujiuliza. Ngoja."

Baada ya robo saa video ikaja. Aliyerekodi alisimama kando ya ua. Namba kumi na nne alikuwa amewapa mgongo wote, kichwa ndani ya majani ya nepia. Kwa nyuma, mbali, Wamuyu alikuja akitembea na gambuti zake kwenye matope, bila kusema neno. Hatua ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili. Ya tatu, masikio ya ng'ombe yakageuka nyuma, yote mawili, taya likaacha kutafuna. Kisha akageuka mzima, akaja.

Tecla aliitazama mara tano. Mara ya sita hakutazama ng'ombe, alitazama masikio peke yake.

"Nunua," alijiambia kwa sauti, na Phanice akapiga makofi.

Ilibaki namna ya kulipa. Tecla alisema atatuma pesa zote ng'ombe akishakanyaga nyasi za Kaplong. Alidhani Wamuyu atabisha kuhusu dipoziti. Wamuyu hakubisha. Aliuliza jambo lingine.

"Na wewe, nitakujuaje? Nikodishe pikapu, nichukue karatasi ya daktari wa mifugo, nisafirishe ng'ombe mpaka huko, halafu nikute kengele? Nionyeshe mahali italala."

Katika siku zote za kutazama na kuuliza, haikumwingia Tecla kwamba upande ule mwingine nao kuna mtu ananunua. Ananunua nini? Anamnunua Tecla.

Janeffer alichukua simu wakaenda zizini, Tecla akiruka na magongo polepole, mbali na kamera. Wakaonyesha paa lililorekebishwa, sakafu kavu, nepia iliyokatwa, pipa la maji.

"Nimeona zizi," Wamuyu alisema simuni. "Sasa nionyeshe mwenyewe. Wewe ndiye utamkamua."

Janeffer akamtazama rafiki yake. Tecla akatikisa kichwa: hapana. Alitaka kusema atamtumia picha ya siku ya Pasaka, amesimama na Chelel, miguu yote miwili mizima.

"Tecla," Janeffer akanong'ona. "Doa la kwanza kabisa."

Kwa hiyo kamera ikamgeukia. Wamuyu akaona mwanamke mwembamba aliyeegemea magongo, na plasta iliyochafuka matope mpaka gotini.

"Mguu," Wamuyu alisema. "Hukuniambia mguu."

"Sikukuambia."

"Umeniuliza kinyesi. Umeniuliza nyuma na mbele. Mguu hukuniambia."

"Niliona aibu, mama. Plasta inatolewa baada ya wiki saba. Mpaka hapo atakamua shemeji yangu, huyu hapa. Phanice, njoo. Yeye hana haraka na ng'ombe. Mimi nitakaa hapo kwa kigoda nimwangalie. Kama huwezi kunipa, mpe Muturi. Sitaandika vibaya."

"Wacha nifikirie," Wamuyu akasema, na simu ikakatika.

Siku hiyo hakupiga tena. Siku ya pili pia kimya. Muturi hakuandika chochote kikundini, na hilo lingeweza kumaanisha mambo mawili. Tecla alikaa kitini akiishika simu kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Phanice alisema ng'ombe si mmoja duniani, na Tecla akamjibu kwamba pesa ndiyo moja.

Alhamisi, kama saa tano asubuhi, pikapu ikasimama juu barabarani na kupiga honi. Nyuma kulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye mabaka. Mbele, kando ya dereva, alikuwa Wamuyu mwenyewe na gambuti zake.

"Sikukuja kukuletea," alisema kabla hajasalimu, baada ya kumteremsha ng'ombe mteremko wote kwa subira. "Nimekuja kuangalia. Ikikataa kukamuliwa na huyu shemeji, tunarudi Londiani sote."

Phanice alinawa mikono. Wamuyu alichuchumaa kando yake, akamwonyesha ile chuchu nyembamba: usivute, bonyeza ungoje. Phanice akangoja. Nje ya zizi Tecla akangoja, na Janeffer akangoja, na dereva wa pikapu akazima injini. Chuchu ile ikatoa maziwa. Wamuyu akainuka akajipangusa magoti.

"Sawa," alisema.

Tecla akatuma pesa palepale, kidole kikibonyeza namba moja moja, na simu ya Wamuyu ikalia mfukoni. Wamuyu akafungua kamba yake shingoni mwa ng'ombe ili afungwe nyingine, kisha akaiacha imening'inia kwenye nguzo ya zizi.

"Hapana, mama, chukua," Tecla alisema.

"Ni kuukuu. Kaa nayo."

"Kwetu ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Ukiniachia kamba, umeniachia na ng'ombe watakaokuja kwako baadaye. Irudishe Londiani. Ifunge kumi na tano."

Wamuyu akaitazama kamba ile, ngumu kwa jasho la miaka, kisha akaizungusha mkononi taratibu mpaka ikaisha. Alipoaga hakumgusa ng'ombe. Alipanda mteremko haraka, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Kesho yake asubuhi na mapema simu ya Tecla ikalia.

"Imekula?" Wamuyu aliandika.

Tecla akajibu kidole kimoja kwa wakati: "Amekula vizuri. Amempiga Phanice teke, ndoo imemwagika yote."

Alingoja. Aliona kwamba Wamuyu anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Teke sikuandika kwa tangazo," jibu likaja. "Kwangu haijawahi kupiga. Kweli sikujua. Ukitaka kuirudisha, sema leo."

Tecla akatazama nje. Phanice alikuwa amekaa tena chini ya ng'ombe, akimsemesha pole pole kwa Kipsigis, na ng'ombe alikuwa amegeuza sikio moja, anasikiliza lugha asiyoijua.

"Hapana," akaandika. "Hilo ni teke la ugeni. Litaisha."